Nyanya za Nje Arusha na Moshi: Namna ya Kulilinda Ua Mpaka Lishike

Wakulima wengi wa nyanya ninaowafahamu, kuanzia Usa River mpaka Boma Ng'ombe, wanaanza msimu kwa swali la mbegu: safari hii tupande ipi? Naomba uanze na swali jingine: maua yatachanua mwezi gani? Kila nyanya utakayopeleka soko la Kilombero au la Mbuyuni ilikuwa ua kwanza, na ua la nyanya lina siku mbili tatu tu za kushika, yaani kugeuka tunda. Siku hizo zikikutana na baridi kali, joto kali, kiu au mbolea isiyofaa, ua linapukutika, na hakuna dawa ya dukani inayolirudisha. Mche wenyewe unabaki kijani, unapendeza, na mtu akipita barabarani anasifia shamba. Mwenye shamba anakuja kujua wiki sita baadaye, wakati wa kuhesabu matenga.

Mimi nalima nje, bila banda wala nailoni, kwenye shamba la familia chini ya barabara kuu upande wa Usa River. Misimu miwili nimekodi pia eneo Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Kulima pande zote mbili kumenifundisha kwamba kalenda ya Arusha haiwezi kuwa kalenda ya Moshi, ingawa kati ya miji hii miwili ni kilomita 80 hivi tu.

Hatua ya 1: Panga tarehe ya ua, kisha hesabu kurudi nyuma

Nyanya hushika vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzijoto 21 na 29, na usiku kati ya 15 na 20. Mchana ukipanda juu ya 32 siku kadhaa mfululizo, chavua, ule unga wa njano wa ua, inakosa uhai na ua linaanguka. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua haikomai, na hata tunda likishika linatoka na makunyanzi au mikato ya ajabu upande wa chini.

Sasa angalia miji yetu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ukungu unashuka kutoka Mlima Meru, jua linachelewa kutoka, na usiku mtu analala na mablanketi mawili. Maua yanayochanua wakati huo yanateseka kwa baridi. Moshi mjini ni kati ya mita 700 na 950, na ukishuka Mabogini au Kahe joto linazidi. Januari hadi Machi mchana wa huko unapita nyuzi 32 bila shida, na maua yanaungua. Ugonjwa mmoja wa maua kupukutika, lakini sababu mbili zinazopingana kabisa. Ndiyo maana ukimpigia simu shemeji wa Moshi kumuuliza yeye anapanda lini, jibu lake linaweza kukutia hasara.

Hesabu yenyewe ni hii. Kitaluni miche inakaa siku 30 hadi 35. Ikishahamishiwa shambani, maua ya kwanza yanafunguka baada ya siku 25 hadi 35. Kipindi cha baridi Arusha weka 40. Kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuiva ni siku 45 hadi 60.

Kwa ukanda wa Arusha na Arumeru mimi nalenga maua yaanze katikati ya Agosti, usiku unapoanza kulegea na mvua hazijafika. Kwa hiyo miche inaingia shambani wiki ya kwanza ya Julai, na mbegu inasiwa mwisho wa Mei au tarehe mosi Juni. Mavuno yanaanza Oktoba, na mvua za vuli zikija Novemba vichala vya chini vimeshatoka. Kwa Moshi ya chini lenga maua ya Juni na Julai, kwa sababu baridi inayoiumiza Arusha huko chini ndiyo hali nzuri. Sia mbegu karibu na tarehe 10 Aprili kwenye kitalu kilichofunikwa, maana masika itakuwa imepamba moto, kisha hamisha katikati ya Mei.

Utashawishika kutafuta bei ya masika. Kipindi hicho bei mara nyingi hupanda, lakini hupanda kwa sababu mvua na baka zimewamaliza wengi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nakusihi usianzie hapo.

Hatua ya 2: Eneo na mbegu

Kabla ya kitu chochote uliza shamba lilipandwa nini misimu miwili mitatu iliyopita. Viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na hoho ni ndugu wa nyanya, magonjwa yao ni mamoja. Watu wengi wa huku wanasahau mnafu. Mnafu nao ni wa ukoo huohuo, na bustani nyingi za Arumeru hazikosi tuta la mnafu. Panda nyanya baada ya mahindi, vitunguu, kabichi au maharage.

Ukisikia kwamba mazao yalinyauka ghafla yakiwa bado kijani, shuku mnyauko bakteria. Kipimo chake hakigharimu hata shilingi. Kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, chukua kipande cha sentimita kama tano, kininginize ndani ya glasi ya maji safi na utulie dakika chache. Kama nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka polepole kutoka kwenye shina, eneo hilo halifai kwa nyanya. Mbolea haitibu, wala dawa. Hamia kwingine.

Kuhusu mbegu, cha kwanza ujue kama ni nyanya fupi au ndefu. Fupi, kama Tanya, Cal J na Rio Grande, hukua mpaka kimo fulani zikasimama, na maua yake huja karibu kwa mkupuo. Ndefu, kama Anna F1, huendelea kupanda juu na kutoa kichala baada ya kichala. Tofauti hii inaamua kila kitu kwenye msimu wa maua: fupi ikipata wiki mbili mbaya wakati wa kuchanua, imepoteza karibu mavuno yote. Ndefu inapoteza vichala viwili na kuendelea. Fupi nayo haina gharama kubwa ya fito wala kazi ya kupogoa. Tengeru nako, ambako kituo cha utafiti kimefanya kazi ya mboga kwa miaka mingi, ndiko ilikotoka mbegu ya Tengeru 97, na jina lenyewe linakuambia. Ukifika kituo hicho, TARI Tengeru, na swali la mbegu, utapata mtaalamu wa kuzungumza naye.

Hatua ya 3: Kitalu na kuhamisha

Hapa sitakaa sana, maana wengi mnajua. Tumia trei ukiweza, la sivyo tuta lililoinuliwa. Funika kwa chandarua cha matundu madogo ili inzi weupe wasiingie: hao ndio wanaoleta rasta, ule ugonjwa wa majani ya juu kujikunja, kuwa madogo na ya njano, na mche ukiupata ukiwa kitaluni hautakupa ua la maana. Siku saba kabla ya kuhamisha punguza maji na ondoa kivuli taratibu. Hamisha jioni, miche ikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15 na majani manne hadi sita.

Nafasi ya mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya miche inakupa miche kama 8,000 kwa ekari. Kila shimo weka viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri na kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, changanya na udongo ndipo upande. Kizibo kimoja ni kama gramu 5, kwa hiyo ekari nzima itakula kilo 40, hata mfuko mmoja wa kilo 50 hauishi.

Hatua ya 4: Wiki nne za kuandaa ua

Ua linaandaliwa ndani ya mche muda mrefu kabla hujaliona. Unachofanya kati ya kuhamisha na kuchanua ndicho kitakachoonekana kwenye kichala.

Wiki mbili baada ya kuhamisha weka mbolea ya CAN kizibo kimoja kwa mche, sentimita 10 kutoka kwenye shina, kwenye udongo wenye unyevu, kisha fukia. Basi. Nitaeleza kwa nini nasema basi.

Msimu wangu wa tatu miche ilikuwa na umri wa wiki nne shambani, maua yameanza kuonyesha rangi ya njano, nikaingia duka moja la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Muuzaji akaniambia kwa hatua hiyo mche unahitaji nguvu, akanipa urea, akasema niweke vizibo viwili. Niliamini, nikaweka. Baada ya siku kumi shamba lilikuwa la kijani kibichi mpaka nikawaita watu waje kuona. Mashina yakanenepa kama kidole gumba, majani ya juu yakajikunja kuelekea chini kama kucha za ndege, na vichala vingine vikaanza kuota jani kwenye ncha, mahali pa ua. Kichala cha kwanza kilipukutika chote. Cha pili kilibakiza matunda mawili mawili. Shangazi yangu, ambaye amelima bustani kabla mimi sijazaliwa, alikuja, nikamwamkia, akashika jani moja akalisugua kati ya vidole, akasema, "Mwanangu, umelisha majani." Hakuongeza neno. Nilipata kama theluthi ya nilichopata msimu uliotangulia.

Naitrojeni ikizidi wakati wa maua, mche unaona hauna haja ya kuzaa, unajenga mwili. Kwa hiyo tangu ua la kwanza, punguza naitrojeni na uongeze potasiamu.

Kipimo ninachotumia sasa kwa nyanya ndefu ni shina. Shuka sentimita 15 kutoka kileleni, pima unene kwa macho. Likilingana na kidole kidogo cha mkono, mche una usawa. Likinenepa kama gumba, acha naitrojeni kabisa na usimwage maji mengi. Likiwa jembamba kama bua la ngano, mche una njaa, na kichala kitakuwa na maua machache madhaifu.

Katika wiki hizi simika fito na anza kufunga kwa kamba ya katani, fundo la namba nane ili kamba isilinyonge shina. Kwa nyanya ndefu, ondoa machipukizi yanayotoka kwapani, kati ya jani na shina, yakiwa na urefu wa sentimita tatu hadi tano. Yavunje kwa vidole asubuhi, yanakatika kirahisi na kidonda kinakauka kabla ya jioni. Usivute sigara wala kugusa ugoro kabla ya kazi hii, maana virusi vya tumbaku vinahamia kwenye nyanya kwa mikono. Kwa nyanya fupi usipogoe machipukizi ya juu. Hayo ndiyo yanayobeba maua. Ondoa tu majani yanayogusa udongo, mpaka sentimita 30 kutoka chini, hewa ipite.

Hatua ya 5: Maua yamefunguka

Nenda shambani saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka. Chagua mche mmoja, piga goti. Ua lililofunguka leo lina petali za njano zilizorudi nyuma, na katikati kuna kitu kama koni ndogo, njano pia. Ndani ya koni hiyo ndimo chavua inakotoka na ndimo inakopokelewa. Ua moja lina ume na uke, linajichavusha lenyewe. Lakini lazima litikiswe. Chavua imefungwa ndani ya koni kama chumvi kwenye kichupa, bila mtikiso haitoki.

Jaribu hivi: zima simu, shika kioo chake cheusi chini ya ua, kisha piga kikonyo kwa ukucha mara mbili. Ukiona vumbi la njano laini kama unga wa binzari limetua kwenye kioo, chavua iko tayari na ni nyingi. Ukipiga maua matano usione kitu, ama bado ni mapema na kuna unyevu, ama baridi au joto limeharibu chavua. Rudi saa sita ujaribu tena kabla ya kuhukumu.

Tukilima nje, upepo unafanya kazi kubwa, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao anafanya iliyobaki. Analing'ang'ania ua, anavuma kwa nguvu, chavua inamwagika. Nyuki wa asali hawezi kuvuma namna hiyo. Kwa hiyo usimfukuze huyo mweusi, na kama kuna gogo kavu pembeni ya shamba analoishi, liache. Siku ambazo hakuna upepo, mfano asubuhi za ukungu, pita na fimbo ukigonga fito au kamba kati ya saa nne na saa saba. Ekari moja mtu mmoja anaimaliza. Mimi nafanya kila siku ya pili kwa wiki tatu za mwanzo, na tofauti naiona kwenye vichala vya chini.

Sasa angalia kikonyo cha ua. Katikati yake kuna kifundo kidogo kilichovimba, kama goti. Ua likikataliwa, linakatikia hapo. Siku moja kabla ya kuanguka kifundo hicho kinageuka njano, wakati ua lenyewe bado linang'aa. Ukikiona kimebaki kijani, petali zikanyauka na kukauka, na nyuma yake kuna kichwa cha kijani ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, hilo limeshika. Hesabu kwenye miche kumi: maua mangapi yameshika kati ya yaliyofunguka. Andika na tarehe. Bila hesabu hiyo utabaki unasema "yanaanguka anguka tu", na hutajua kama ulichofanya wiki iliyopita kimesaidia.

Yakipukutika kuliko kawaida, usikimbilie kupuliza. Pitia mambo manne kwa utaratibu. Kwanza hali ya hewa: kipimajoto cha bei ndogo kinachohifadhi joto la chini na la juu, kitundike kivulini shambani, kitakuambia usiku wa Julai ulishuka mpaka wapi. Pili shina na majani, kwa kipimo cha kidole nilichosema. Tatu unyevu wa udongo. Nne wadudu ndani ya ua: gonga ua juu ya karatasi nyeupe, na ukiona vidudu vyembamba kama vipande vya nywele vinatembea, hao ni thiripi, wanakula chavua na kukwaruza ua.

Maji, ambayo huku ndiyo kesi kubwa

Wengi wetu tunamwagilia kwa mfereji, na mfereji una zamu. Wachaga wanauita mfongo, Wameru nao wana mifereji yao, na kila kamati ina ratiba yake. Ukipangiwa zamu kila siku saba, nyanya inazama siku ya kwanza na kulia kiu siku ya sita. Mche mchanga unavumilia. Wenye maua hauvumilii: siku mbili za kiu zinaangusha maua, kisha gharika ya ghafla inapasua matunda yaliyokwisha shika.

Mabadiliko hayohayo ya maji ndiyo yanayoleta kuoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda. Watu wanaliita ugonjwa na kupuliza dawa ya ukungu. Siyo ukungu. Ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji, na maji yakikatika, majani yanavuta yaliyopo, tunda changa linakosa. Linaanza kujengeka tunda likiwa dogo kama gololi, yaani mara tu baada ya ua kushika. Doa ukiliona umechelewa kwa tunda hilo; okoa vichala vya juu.

Kwa jua la Septemba, mche mkubwa wenye maua na matunda unakunywa lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Kama una mipira ya matone, gawa asubuhi na alasiri. Kama una mfereji, fanya mawili. Tandaza majani makavu ya migomba au mabua kwenye mistari, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Kwenye shamba letu matandazo peke yake yalituongezea karibu siku mbili za unyevu. Halafu chimba kibwawa, weka turubai, kijaze siku ya zamu yako, na siku ya nne mpe kila mche lita moja au mbili kwa kopo. Ni kazi ya mgongo, najua. Ongea pia na majirani wa mfereji: wenye mahindi yaliyokwisha kukomaa wengi hukubali kubadilishana nusu zamu kwa wiki hizo tatu ukiomba mapema na kwa heshima.

Kupima unyevu, chimba karibu na mche kina cha kiganja, finyanga udongo. Ukishikana bila kutoa maji na bila kumeguka mara, panatosha.

Chakula cha wakati wa maua

Maua ya kichala cha kwanza yakifunguka, weka mbolea ya NPK yenye potasiamu ya kutosha. Ukikosa, 17:17:17 kizibo kimoja kwa mche inafaa. Matunda ya kwanza yakifika ukubwa wa gololi, weka nitreti ya kalsiamu kizibo kimoja, au CAN ukiikosa, na baada ya siku kumi rudi kwenye ya potasiamu. Endelea kupokezana hivyo mpaka kichala cha nne au cha tano. Usichanganye nitreti ya kalsiamu na DAP au mbolea yoyote ya salfeti kwenye ndoo moja. Maji yanageuka meupe, yanaganda chini, matone yanaziba na mche haupati kitu.

Boroni husaidia chavua kuota, ila kiasi kati ya faida na sumu ni kidogo mno. Fuata kipimo cha kwenye lebo, usizidishe hata kwa nia njema.

Hatua ya 6: Kupuliza bila kuua kinachokusaidia

Kantangaze, yule kipepeo mdogo mharibifu wa nyanya, tumekuwa naye tangu 2014, na anataga kwenye majani machanga, vitumba na vikonyo vya maua. Viwavi wake wanachora majani kama mtu aliyepitisha kalamu nyeupe, kisha wanatoboa tunda karibu na kikonyo. Tundika mitego ya feromoni (harufu inayowavuta madume) tangu siku ya kuhamisha, ile ya beseni la maji yenye sabuni. Hesabu vipepeo kila asubuhi. Majani yaliyochorwa yachume, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge na kuuacha juani. Kuyaangusha kwenye mfereji ni kuwapelekea majirani. Ukilazimika kupuliza, badilisha aina ya kiambata, yaani sumu yenyewe iliyo ndani, kila baada ya kizazi kimoja cha mdudu, siyo jina la chupa tu. Chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na sumu ileile, soma maandishi madogo.

Kwa Arusha ya Juni na Julai adui mwingine ni bakajani chelewa. Mabaka ya majimaji yanageuka kahawia, chini ya jani asubuhi kuna utando mweupe, na likishuka kwenye kikonyo cha kichala linakigeuza cheusi na maua yote yananing'inia yamekufa. Ukungu ukishuka siku mbili mfululizo, usisubiri dalili, puliza dawa ya kinga kama mankozebu, rudia baada ya siku 7 hadi 10. Usimwagilie juu ya majani, hasa jioni.

Wakati wa maua puliza baada ya saa kumi na moja jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Mchana ni kuwaua na kuunguza petali. Vaa glavu, miwani, kitambaa kinachoziba pua na mdomo, nguo ya mikono mirefu. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa. Mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, makao yake ni hapahapa Ngaramtoni, na ukiwa na shaka na chupa unaweza kuuliza. Na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zihesabu kweli kweli. Hizo nyanya zinakwenda kwenye kachumbari ya watoto wa watu, hazipikwi.

Hatua ya 7: Kufunga msimu

Kwa nyanya fupi usipunguze maua. Kwa ndefu, acha matunda matano au sita kwenye kichala, yale madogo ya nchani yakate yakiwa bado maua. Mche ukiwa mdhaifu sana wakati wa kichala cha kwanza, kitoe chote, utalipwa na cha pili.

Siku 50 hivi kabla ya tarehe unayotaka kumaliza shamba, kata kichwa cha nyanya ndefu, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho ili yalikinge jua. Ua linalofunguka baada ya hapo halitaiva kabla hujamaliza, linakula tu chakula cha wenzake. Kwa shamba la Agosti mimi hukata kati ya tarehe 5 na 10 Oktoba, kwa sababu mwisho wa Novemba mvua za vuli zinaniondoa.

Vuna tunda likianza kugeuka rangi kitakoni, hasa kama linakwenda mbali, na kama una kreti za plastiki zitumie badala ya tenga la mbao, matunda ya chini hayapondeki. Mkubaliane na dalali ujazo kabla gari halijaondoka shambani, si mkifika Kilombero usiku huku nyanya zinachemka.

Mavuno ya mwisho yakitoka, ng'oa miche yote wiki hiyohiyo. Usiache hata mistari miwili ya kula nyumbani, kantangaze atalala humo akisubiri kitalu cha jirani. Ichimbie kina cha nusu mita au ifunike kwa turubai juani wiki tatu. Kamba za katani zichome. Fito zipanguse udongo, zianike, zihifadhi juu. Eneo lipande maharage au mahindi ya vuli, na daftari lenye hesabu za maua liweke mahali panya hawafiki, maana Mei utalihitaji kabla hujafungua pakiti ya mbegu.